Safu ya Lugha: Sisi si nguvu

Kuanzia Bariadi hadi Mwamapalala, mwenye guta la kubebea pamba akitaka injini kubwa zaidi humwambia fundi: "Nifungie yenye nguvu ya sisi 200." Kufunga ni sawa kabisa, ndivyo mafundi wasemavyo wanapoweka kifaa mahali pake. Tatizo ni hiyo "nguvu ya sisi". Sisi ni herufi mbili za Kiingereza, cc, zikisomwa kwa sauti, nazo ni kifupi cha sentimita za ujazo. Hupima nafasi ambayo pistoni hupita ndani ya silinda. Kwa hiyo tuseme injini ya ujazo wa sisi 200, au ya sentimita za ujazo 200.

Nguvu ina vipimo vyake: kilowati, au nguvu farasi, kipimo alichokieneza James Watt wa Uskoti katika karne ya 18 akilinganisha mitambo ya mvuke na farasi. Nguvu farasi moja ni takribani wati 746. Injini mbili za sisi 200 zaweza kutofautiana sana kwa nguvu. Tena nguvu si mbio: guta huvuta magunia kwa gia nzito, polepole, ilhali pikipiki ya ujazo uleule hukimbia.

Na tusiite injini ya petroli "mota". Mota huendeshwa kwa umeme, na sasa bajaji za umeme zipo barabarani. Anayeagiza mota akitaka injini ataletewa kitu kingine kabisa, na hela yake imeshatoka.