Kaburi la Adrienne Lecouvreur

Adrienne Lecouvreur, nyota wa tanzia katika Comédie-Française tangu 1717, alifariki Paris Machi 1730. Maiti yake ilitolewa usiku, ikafukiwa katika kiwanja kitupu, bila padri wala sala. Wapo wanaosema aliponzwa na wapenzi wake, hasa Maurice de Saxe. Sikubaliani nao. Molière, aliyekuwa mwigizaji pia, mwaka 1673 alinyimwa maziko ya Kikristo mpaka mfalme alipoingilia kati, na bado alizikwa usiku. Kosa lilikuwa kazi yenyewe: mwigizaji aliyekata roho bila kuikana alihesabika ametengwa na Kanisa, japo jukwaa lake (ajabu hiyo!) liliendeshwa kwa ruzuku ya mfalme Mkatoliki. Kinyume chake, Oktoba 1730, Anne Oldfield, mwigizaji wa London aliyezaa wana wawili nje ya ndoa, alizikwa kwa heshima Westminster Abbey.