Swaminarayan: Safari ya Karne Mbili kutoka Gujarat

Mwishoni mwa karne ya 18, Gujarat, magharibi mwa India, ilikuwa nchi isiyo na ulinzi. Dola ya Mughal ilikuwa imedhoofika, Wamaratha walitoza kodi kwa nguvu, na wapanda farasi walivamia vijiji na kupora mifugo. Mwaka 1799 alifika huko mtawa kijana, mzaliwa wa Chhapaiya karibu na Ayodhya, aliyekuwa amezunguka India kwa miguu kwa miaka saba. Mwaka 1801, akiwa na umri wa miaka 20, mtawa huyo, Sahajanand Swami, alirithi uongozi wa jumuiya ya mwalimu wake. Wafuasi walimwita Swaminarayan na kumwabudu kama Mungu aliyejidhihirisha.

Aliwataka waache pombe, nyama, wizi na uzinzi, akapinga kuchomwa kwa wajane na kuuawa kwa watoto wachanga wa kike. Matabaka hakuyafuta, lakini aliwapokea wakulima, mafundi na hata wanyang'anyi waliotubu. Utawala wa Kiingereza, uliowashinda Wamaratha mwaka 1818, ulifurahia utulivu ulioletwa na mafundisho hayo ukatoa ardhi Ahmedabad, ambako hekalu la kwanza lilifunguliwa mwaka 1822. Mwaka 1826 aliandika Shikshapatri, kitabu cha kanuni, na kuwakabidhi watoto wawili wa ndugu zake majimbo ya kidini ya Ahmedabad na Vadtal. Alifariki mwaka 1830.

Urithi wa kiukoo haukuwaridhisha wote. Mwaka 1907 Shastriji Maharaj, aliyejitenga na Vadtal, alianzisha huko Bochasan tawi la BAPS, linaloamini kwamba uongozi wa kiroho hupita kwa mnyororo wa watawa watakatifu.

Wakati huohuo bahari ilikuwa imekwisha kufungua mlango mwingine. Baada ya ujenzi wa Reli ya Uganda, ulioanza Mombasa mwaka 1896, Wagujarati walimiminika Afrika Mashariki: waashi kutoka Kutch, makarani na wenye maduka. Watawa hawakuwa nao, kwa hiyo ibada, michango na mafunzo ya watoto viliendeshwa na waumini wa kawaida, wengi wao watu wa ajira na biashara. Mwaka 1945 Nairobi ilipata hekalu, na mwaka 1955 Yogiji Maharaj, kiongozi wa BAPS, alizuru waumini wa eneo hili.

Uhuru ulileta misukosuko. Sheria za uraia na leseni za biashara nchini Kenya ziliwasukuma wengi kuondoka. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 za kuondoka. Wengi walielekea Uingereza wakiwa na mali kidogo lakini na ujuzi kamili wa kuendesha jumuiya ugenini. Hekalu la BAPS lilikuwa limefunguliwa London mwaka 1970; mwaka 1995 likafuatiwa na lile la Neasden, lililojengwa kwa mawe yaliyochongwa India.

Marekani, iliyolegeza sheria ya uhamiaji mwaka 1965, ilipata hekalu kubwa la Robbinsville mwaka 2023. Abu Dhabi, yenye Wahindi wengi waliofuata ajira, ilipata lake mwaka 2024. Watawa bado hawaoi, wanawake na wanaume bado huketi kando, na Kigujarati bado hufundishwa watoto. Lakini nguvu ya leo ya Swaminarayan duniani imetokana pia na mfumo wa waumini wa kujitolea, uliokomaa kwa dharura miongoni mwa waashi na makarani wa Afrika Mashariki.