Pamba ya Usukuma na Mdahalo wa Makerere

Mkulima wa Nkoma, wilayani Itilima, Usukumani, anapofikisha pamba yake kwenye AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, hapatani bei na mtu. Anapimiwa kwa bei iliyokwisha kutangazwa, nayo hufuata mwenendo wa soko la dunia. Nani aliyelipanga soko hilo hivyo? Swali la namna hii ndilo lililowakutanisha, na kuwagombanisha, wanahistoria na wanasayansi wa siasa wa Afrika Mashariki zaidi ya nusu karne iliyopita.

Upande wa historia alikuwapo Walter Rodney, mzaliwa wa Guyana, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kitabu chake cha mwaka 1972, How Europe Underdeveloped Africa, kilidai kwamba umaskini wa Afrika ulitengenezwa, na kwamba mazao kama pamba yalitumika kuutengeneza. Upande wa siasa alikuwapo Ali Mazrui wa Mombasa, profesa wa Chuo Kikuu cha Makerere nchini Uganda, aliyewahi kuwakejeli wasomi waliopumbazwa na mapenzi yao kwa Tanzania. Wawili hao walikabiliana kwa mdahalo palepale Makerere, na wasomi wanausimulia hadi leo. Rodney alianzia kwenye utumwa na ukoloni. Mazrui alitazama zaidi fikra, utamaduni na maamuzi ya viongozi wa dola changa.

Kwangu, vitabu viwili visivyotajwa sana vinawasahihisha wote. Mwanahistoria Ralph Austen aliandika kuhusu kaskazini-magharibi mwa Tanzania chini ya Wajerumani na Waingereza (1968). Mwaka uliofuata mwanasayansi wa siasa Andrew Maguire akatoa chake kuhusu siasa za Usukuma kuelekea uhuru. Visome pamoja. Utawakuta wakulima waliochoka kupunjwa kwenye mizani ya wafanyabiashara, wakaunda ushirika, na mwaka 1955 wakapata chama kikuu cha Victoria Federation chini ya Paul Bomani, wakati TANU, chama kilichopigania uhuru, ilikuwa imezuiwa Usukumani.

Bomani huyo akaja kuwa Waziri wa Fedha, na mwaka 1972, mwaka uleule wa kitabu cha Rodney, akawa balozi wa Tanzania nchini Marekani. Mtu wa mizani ya pamba hakai vizuri katika hoja ya Rodney, ambamo mkulima hutendewa zaidi kuliko anavyotenda. Wala hakai vizuri kwa Mazrui, ambaye siasa kwake ilianzia ikulu na vyuoni.