Daktari aliyetoa jina lake kwa mshindi wa Nobel

Desemba 1911, katika mtaa wa Gamaliya, Kairo ya zamani, mke wa mtumishi mmoja wa serikali alishikwa na uchungu, na uzazi ukawa mzito. Akaitwa daktari kijana, Mkristo wa Kikopti aitwaye Naguib Mahfouz. Mama akasalimika, mtoto akasalimika. Kwa shukrani, baba mwenye nyumba, Mwislamu, alimpa mwanawe majina yote mawili ya daktari. Mtoto huyo ndiye mwandishi aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 1988, na tangu hapo jina likawa lake. Daktari akasahaulika. Kwangu mimi huo ni uonevu, maana kazi yake imewagusa wanawake wengi ambao hawajawahi kushika riwaya.

Alizaliwa Mansoura mwaka 1882, akasomea udaktari katika chuo cha Kasr al-Aini, Kairo. Mwaka 1902 kipindupindu kilipoingia Misri, alijitolea kwenda kijiji cha Musha, karibu na Asyut, akafuatilia maradhi hadi kwenye kisima kilichokuwa ndani ya nyumba ya mkulima. Tabia hiyo ya kufukua chanzo hakuiacha alipohamia kwenye magonjwa ya wanawake.

Huko alikutana na fistula ya uzazi. Kichwa cha mtoto kinakwama kwenye nyonga, siku ya kwanza, ya pili, pengine ya tatu. Nyama laini zilizo kati ya kichwa na mfupa zinabanwa, damu haifiki, zinakufa. Mara nyingi mtoto naye hufa. Siku chache baadaye tundu linafunguka kati ya kibofu na uke, wakati mwingine kati ya uke na njia ya haja kubwa, na mkojo unatoka wenyewe, usiku na mchana. Kinachofuata wasomaji wa kwetu wanakijua: harufu, kutengwa, talaka.

Ni maradhi ya kale mno. Mwaka 1935 Douglas Derry, mtaalamu wa anatomia aliyefanya kazi Kairo, aliandika kuhusu mabaki ya Henhenit, mwanamke wa ikulu ya Farao Mentuhotep wa Pili, aliyezikwa Deir el-Bahari miaka ipatayo 4,000 iliyopita. Nyonga yake ilikuwa nyembamba, na kati ya kibofu na uke palikuwa na tundu kubwa.

Vitabu vingi huanza historia ya tiba yake na Mmarekani J. Marion Sims, na hapo inabidi kusema ukweli wote. Kati ya 1845 na 1849, Montgomery, Alabama, Sims aliwapasua wanawake watumwa bila dawa ya usingizi. Watatu tunawajua kwa majina: Anarcha, Betsey na Lucy. Anarcha alipasuliwa mara 30 kabla nyuzi za fedha hazijashika. Mwaka 2018 sanamu ya Sims iliondolewa Central Park, New York. Mbinu zake, hata hivyo, zilikwisha kuenea duniani.

Mahfouz alikuwa na wagonjwa wengi wa aina hii kuliko madaktari wa Ulaya, ambako fistula za uzazi zilikuwa zikipungua. Alitenganisha ukuta wa kibofu na ukuta wa uke, ili kila tabaka lishonwe peke yake bila kuvutwa; mshono unaovutwa huachia. Matokeo aliyachapisha katika jarida la Uingereza la uzazi na magonjwa ya wanawake, mwaka 1929, tena 1938, na tena 1957 akiwa na miaka 75. Viungo na vivimbe ambavyo wengine wangevitupa yeye alivihifadhi, vikawa jumba la makumbusho pale Kasr al-Aini, kisha kitabu kikubwa cha picha kilichotoka mwaka 1949.

Mwaka 1959 madaktari wawili, Reginald Hamlin wa New Zealand na mkewe Catherine wa Australia, walifika Addis Ababa. Fistula hawakuwa wamewahi kuiona kwa macho. Walijifunza kwa maandishi ya waliotangulia, ya Mahfouz yakiwemo, wakaanza kushona. Hospitali yao ya fistula ilianza kazi mwaka 1974, mwaka uleule aliofariki yule mzee wa Kairo.

Miongoni mwa wagonjwa wao wa mwanzo alikuwa binti wa kijijini, Mamitu Gashe, aliyefikishwa kwao mwaka 1962 bila elimu ya darasani. Kidonda chake hakikupona kabisa, akabaki hospitalini: kwanza akitandika vitanda, halafu akimpa Reginald vifaa kwenye meza ya upasuaji, mwishowe akishika kisu mwenyewe. Wapasuaji wenye shahada kutoka nchi za nje walikuja Addis Ababa kusimama kando yake, wakitazama anavyoshona.