Gari la kale la mashindano na chumvi ya Mombasa
Mbio za magari ya kale za East African Safari Classic, zilizoasisiwa mwaka 2003, miaka 50 baada ya Safari Rally ya kwanza, zimeanzia au kumalizikia Mombasa mara kadhaa.

Kwa mwenye gari la aina hiyo kisiwani, kuanzia Mji wa Kale hadi Kilindini, adui wa kwanza ni chumvi ya bahari. Kutu hula bodi kwa ndani, hasa zinaposhikizwa shokomzoba, na rangi mpya huificha tu. Fundi hukwangua na kuchomelea kabla ya kugusa injini. Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu wa hewa, hivyo sharti yabadilishwe yote: yaliyoingia maji huchemka breki zikipata moto, pedali ikazama na gari lisisimame.