Ziba au Nunua Mpya? Nilimcheka Mtu wa Boda, Kisha Nikaenda Kusoma

Kuna video niliifuta mwezi jana na wengi mkanitumia jumbe kuuliza imeenda wapi. Haya, leo nawaeleza.

Tulikuwa twatoka Msambweni kuja Ukunda, mimi nyuma ya boda, simu mkononi kama kawaida yangu. Tulipofika Mwabungo pikipiki ikaanza kuyumba kama mlevi. Pancha, gurudumu la nyuma. Bahati nzuri palikuwa na fundi chini ya mwarobaini, na beseni lake la maji na pampu ya mguu. Akafungua, akavuta tyubu, na hapo ndipo nikaanza kurekodi. Tyubu ilikuwa na viraka saba. Saba, nilivihesabu! Nikaandika juu ya video: "Hii ni tyubu ama shuka la nyanya?" Mlicheka sana, na mimi nilicheka na nyinyi.

Mwenye boda hakukasirika. Alisema tu, "Cheka dada, lakini hicho kiraka cha hapo juu ni cha mwaka jana na bado kimeshika."

Siku mbili baadaye akanipigia. Nilikuwa nimemlipa kwa M-Pesa, kwa hivyo namba yangu alikuwa nayo. Kumbe pikipiki si yake. Yeye hupeleka hesabu ya shilingi 400 kila jioni, na mwenye pikipiki alikuwa ameiona video yangu. Sasa anauliza: kama waendesha chombo changu na tyubu ya viraka saba, hata abiria wanakucheka, mbona nisimpe mtu mwingine? Jamaa ana watoto watatu. Nikafuta video saa hiyo hiyo, lakini si mwajua, watu walikuwa washaipakua.

Nikajiuliza, hivi mimi najua nini kuhusu viraka? Nikaanza kusoma, na nikakuta kwamba biashara nzima ya matairi duniani ilikuzwa na mtu mmoja aliyepata pancha.

Anzeni na Charles Goodyear, Mmarekani. Zamani mpira ulikuwa kitu cha ovyo: jua likiwaka wayeyuka, baridi ikija wakauka na kupasuka. Mwaka wa 1839 Goodyear aligundua kwamba ukiupika pamoja na salfa, mpira washika umbo na kubaki laini. Kiraka cha moto, kile fundi anachokibana na chuma kilichochemshwa, ni mtoto wa ugunduzi huo. Goodyear mwenyewe alikufa mwaka wa 1860 akiwa na madeni kibao. Kampuni ya matairi yenye jina lake ilianzishwa na watu wengine mwaka wa 1898, ikachukua jina tu kumuenzi. Hakuonja hata senti yake.

Kisha aje John Boyd Dunlop, Mskochi aliyekuwa daktari wa mifugo mjini Belfast. Mwanawe alikuwa na baiskeli ya magurudumu matatu iliyokuwa ikimtingisha kwenye mawe ya barabara. Dunlop akatengeneza mpira wenye upepo ndani, akauvisha gurudumu, na mwaka wa 1888 akasajili uvumbuzi wake. Baadaye ikajulikana kwamba Mskochi mwingine, Robert William Thomson, alikuwa ashasajili wazo hilo hilo mwaka wa 1845, wakati ambapo hata baiskeli za kuvisha hazikuwepo. Yaani mtu alitangulia miaka arobaini na akasahaulika.

Sasa sikilizeni vizuri hapa. Tairi la Dunlop lilikuwa zuri, lakini lilikuwa limegandishwa kwa gundi kwenye gurudumu. Ukipata pancha, umekwisha. Mwaka wa 1889 mwendesha baiskeli mmoja alifika na tairi lililotoboka kwenye karakana ya ndugu wawili, André na Édouard Michelin, mjini Clermont-Ferrand, Ufaransa. Kulibandua na kuliziba kulichukua saa nyingi, na gundi ikaachwa ikauke usiku kucha. Asubuhi Édouard akaijaribu ile baiskeli. Hata hakufika mbali, upepo ukatoka tena.

Mtu mwingine angesema, tupa hii takataka. Yeye aliwaza tofauti: tairi hili ni la ajabu, shida ni kwamba halizibiki kwa urahisi. Kufikia 1891 walikuwa na tairi la kuvuliwa na kuvishwa, na mwaka huo huo Charles Terront akashinda nalo mbio za baiskeli za Paris hadi Brest na kurudi, karibu kilomita 1,200. Mwaka uliofuata ndugu hao wakaandaa mbio zao wenyewe, Paris hadi Clermont-Ferrand, na ati wakamwaga misumari barabarani makusudi, ili watu waone jinsi pancha inavyozibwa haraka. Misumari! Mngefanya hivyo leo Kona ya Musa mngechomewa nyumba.

Kwa hivyo tairi la upepo halikushinda kwa sababu halitoboki. Lilishinda lilipokuwa kitu ambacho mtu wa kawaida aweza kukiziba kando ya barabara. Yule fundi wa Mwabungo na beseni lake, akitafuta mapovu, akikwaruza kwa msasa, akipaka solusheni na kupuliza ikauke kabla ya kubandika, afanya kazi ileile iliyolipa tairi hilo soko lake. Na mimi nilikuwa namrekodi ili mumcheke.

Lakini kuna upande mwingine wa historia hii, na huo hauchekeshi hata kidogo. Baiskeli zilipovuma kule Ulaya na Marekani, mpira ulitakiwa kwa wingi, na wakati huo mwingi ulikuwa ukitoka msituni. Pwani yetu ya Afrika Mashariki ilikuwa ishauza mpira wa mwituni tangu karne ya 19, sambamba na pembe na sandarusi. Ulitoka kwenye mimea itambaayo, mmoja wao mtoria, ambao wataalamu waliuita Landolphia kirkii kwa jina la John Kirk, balozi wa Uingereza kule Unguja. Ni jamii moja na mbungo, ule unaotupa mabungo ya juisi. Yaani utomvu wa ndugu wa juisi yako ndio uliokuwa ukibebwa majini kwenda kuwa bidhaa za watu.

Kongo hali ilikuwa mbaya zaidi. Mfalme Leopold wa Ubelgiji aliishika nchi ile kama shamba lake binafsi kuanzia 1885 hadi 1908. Vijiji viliwekewa kiasi cha mpira wa kuleta, na wasiofikisha walipigwa, wakachukuliwa mateka, wakauawa, wengine wakakatwa mikono. Ripoti ya Roger Casement ya mwaka wa 1904 na picha alizopiga mmishonari Alice Seeley Harris ndizo zilizofanya dunia isiweze kusema haijui. Ng'ambo ya Lunga Lunga nako Wajerumani walipanda mashamba ya mpira, lakini bei ikaanguka mwaka wa 1913 kwa sababu ya mpira wa mashamba ya Asia, mengi yakaachwa. Nikikumbuka haya, ile tabia ya kuona tairi ni kitu cha kutupa tu yanikaa vibaya.

Kenya tulikuwa na kiwanda chetu cha matairi Nairobi, cha Firestone East Africa, baadaye Sameer Africa. Uzalishaji ulisimamishwa mwaka wa 2016. Hapo hapo pikipiki zilikuwa zimejaa, maana mwaka wa 2008 serikali iliondoa VAT kwenye pikipiki zenye injini isiyozidi 250cc, na vijana waliokuwa wakibeba watu kwa baiskeli, kazi iliyoanzia mpakani Busia, wakahamia kwenye injini. Hesabu ikaja, na pancha ikawa na bei.

Sasa, ziba au nunua? Nilirudi Mwabungo kumuomba radhi yule jamaa, na fundi ndiye aliyenipa somo. Kwanza, dada, tyubu si tairi. Tyubu ikitoboka katikati, ziba, hata mara kumi, bora kiraka kisipande juu ya kiraka. Ikichanika pale shina la valvu, nunua, hapo hapashiki. Tairi lenyewe likitoboka msumari mmoja katikati, sawa. Likipasuka ubavuni, au likiwa kipara hadi nyuzi zaonekana, usizibe kitu, nunua. Kuziba ni shilingi 100, tyubu mpya 500, tairi la nyuma 2,800. "Hiyo ya mwisho," akasema, "ni siku saba za hesabu."

Kisha akaligeuza tairi la yule jamaa, akanionyesha ubavuni. Palikuwa na ufa wa urefu wa kidole. Mimi nilirekodi viraka saba vilivyokuwa vizima kabisa, na ufa ambao ungetuangusha sikuuona.

Tukampigia mwenye pikipiki, fundi akaongea naye yeye mwenyewe, kimya kimya, kwa Kidigo, mimi nikisikia neno moja moja. Walikubaliana nusu atoe mwenye chombo, nusu mwendeshaji. Ile nusu ya mwendeshaji niliitoa mimi, na naomba msinipongeze, nilikuwa na deni.

Tairi jipya likavishwa. Ndani yake ikawekwa ileile tyubu ya viraka saba. Tairi kuukuu fundi akaliweka kando, amelikatia mtu wa akala, na kipande cha katikati akakibakisha kwenye sanduku lake.

"Hicho cha nini?" nikamuuliza.

"Cha ndani ya tairi lijalo litakalotoboka," akasema, akaita mteja mwingine.

Kama mna ile video kwenye simu zenu, naomba muifute.