Kabuti la Askari
Sufu nzito, rangi ya kaki. Vita Kuu ya Pili, 1939–1945

Vazi hili halikushonwa kwa ajili ya joto la Mtwara. Kitambaa cha sufu kilifumwa, kikaloweshwa na kupondwa mpaka nyuzi zikashikamana. Ndiyo maana upepo haupenyi, na hata likilowa bado linatunza joto, ingawa huwa zito ajabu. Tazama safu mbili za vifungo: upande mmoja hulala juu ya mwingine, kifua kikapata sufu maradufu.

Makabuti ya namna hii yalivaliwa na askari wa King's African Rifles (KAR), jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki. Bataliani ya 6, ya Tanganyika, ilipigana na Waitalia huko Colito, kusini mwa Ethiopia, Mei 1941. Kwa kijana aliyekulia pwani, baridi ya usiku wa nyanda za juu ilikuwa vita nyingine.

Amani iliporudi, makabuti yaliendelea na kazi. Yalifaa Newala, juu ya uwanda wa Makonde, ukungu unapotanda alfajiri. Yakamfaa na mlinzi wa ghala usiku wa kusi.

Majina ya makamanda yamo vitabuni. Askari wa kawaida ametuachia vitu vichache, na hiki ni kimojawapo.

Nondo, chumvi ya bahari na jasho la mikono hulila kabuti. Tafadhali usiliguse. Na kama kwenu kuna kabuti, medali au barua ya babu aliyekuwa KAR, msiitupe: mwonesheni mhifadhi.